Kwa Baiskeli Kando ya Mto Weser



Mwezi wa Septemba uliopita Mwenyezi Mungu alitujaalia kumzuru mwanetu afanyaye kazi Ujerumani. Kwa miaka minane hatukuonana naye ila kwa simu. Tusifiche neno: mkobani, chini ya halua aliyotuma mamake, tulibeba pia waadhi mrefu. Tulikwisha kukata shauri moyoni kwamba kijana akaaye peke yake ugenini swala imemponyoka, na tulingoja nafasi ya kumkabili.

Jumamosi moja akatualika matembezi ya baiskeli. Tulicheka, kwani tangu enzi za kwenda chuoni hatukupanda tena. Lakini huko mzee juu ya baiskeli si kioja. Chombo chenyewe asili yake ni kwao: Karl Drais alikiendesha chombo chake cha magurudumu mawili mjini Mannheim mwaka 1817, akijisukuma kwa nyayo, kwani pedeli hazikuwapo bado.

Tulianzia Hann. Münden, ikutanapo mito ya Werra na Fulda ikawa mto mmoja, Weser. Njia ya baiskeli hufuata mto, na kila njia panda ina kibao cha kuelekeza. Hemeln tulivuka kwa feri iliyotushangaza sisi tuliozoea Likoni: haina injini. Imefungwa kwenye waya mzito uliotandwa juu ya mto. Nahodha huielekeza upande, na maji yenyewe huisukuma hadi ng'ambo.

Mbele kidogo tulikuta meza ya matufaha kando ya njia, na kopo la pesa, bila muuzaji. Mwanetu akatia sarafu, akachukua manne.

"Hawaibi?" tukamwuliza.

"Huenda wapo waibao, Baba. Lakini kila mwaka naikuta meza papa hapa."

Tulipokipita kijiji cha Gottstreu, adhuhuri ilikuwa imeingia. Tulinyamaza makusudi, tuone kama atakumbuka. Hatua chache tu akafunga breki, akatoa chupa ya maji ya udhu na msala. Akatuonyesha kusini-mashariki, kwani kibla cha huko si kaskazini kama chetu cha Mombasa. "Tangulia, Baba, utuswalishe."

Tuliswali rakaa nne kamili, maana tulikuwa tumenuia kukaa kwake mwezi mzima. Tuliposujudu tuliutambua msala ule. Ndio aliopewa na mamake siku ya safari. Mahali pa magoti na paji la uso nyuzi zilikuwa zimelika, zimebaki kama wavu.

Tukaendesha kimya hadi kijiji kiitwacho Gewissenruh. Mwanetu akatufasiria jina: utulivu wa dhamiri. Hicho na Gottstreu vilianzishwa mwaka 1722 na Wakristo wa madhehebu ya Wawaldensi, wakimbizi walioteswa kwa ajili ya imani yao. Chini ya kibao kile dhamiri yetu haikuwa na utulivu. Tukashuka, tukamweleza yote: dhana tuliyomdhania, na ule waadhi.

Alikaa kimya kitambo, akisokota kengele ya baiskeli. Kisha akasema, "Baba, mimi nami nilikuwa naogopa simu zako. Kila ukipiga waniuliza nimeswali. Hujapata kuniuliza nimekula."

Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba radhi, na si jambo jepesi mzee kumwomba radhi mwanawe. Yeye akatugawia tufaha.

Magharibi ilitukuta Bad Karlshafen, magoti yakituuma, nasi tukarudi kwa treni pamoja na baiskeli zetu.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna watoto Ghuba, Ulaya na kwingineko. Kuwakumbusha swala ni wajibu wetu, na wajibu huo haujaondoka. Lakini tumekatazwa pia dhana mbaya, na mtoto ni wa kwanza kustahiki dhana njema ya mzazi wake. Simu ya usiku wa leo na ianze kwa hali yake: amelalaje, amekula nini, nani amemwuguza alipougua. Hayo mengine yatafuata.

Waadhi ule tuliurudisha nyumbani kama ulivyokwenda. Tumeuandika upya, na safari hii twajisomea wenyewe.

Wabillahi tawfiq.