Kitindamlo cha kahawa chaweza kuwapa wafugaji wa Ufipa soko jipya

MAHINDI husubiri ghalani, maziwa hayasubiri. Mfugaji wa Ufipa anayekosa mnunuzi asubuhi, jioni huwa tayari ana hasara. Ndiyo maana mjadala wa kuongeza thamani ya mazao mkoani Rukwa haupaswi kuishia kwenye mashine za kukoboa na kusaga. Hata kitindamlo, yaani kitamu kinacholiwa baada ya chakula, ni soko.

Waitaliano wana kitindamlo kiitwacho tiramisu. Hupangwa kwa tabaka za biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, na jibini laini iliyochanganywa na sukari na mayai mabichi. Hakiokwi, hivyo mjasiriamali asiye na oveni anapunguza mtaji. Tatizo lake ni mafuta na sukari nyingi, na mayai mabichi yanaweza kubeba vimelea vya maradhi.

Mbadala upo Sumbawanga. Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, ukichujwa kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya jokofu, huwa mzito kama jibini hiyo. Badala ya biskuti, unga wa ulezi hukaangwa mkavu kwa moto mdogo hadi unukie, kisha huchanganywa na karanga zilizosagwa na asali kidogo. Ulezi una madini ya chokaa mengi kuliko mahindi. Kahawa inalimwa jirani, wilayani Mbozi mkoani Songwe, na kakao inatoka Kyela.

Kazi yenyewe ni rahisi: tabaka la ulezi lililonyunyiziwa kahawa iliyopoa, tabaka la mtindi, kisha kurudia, na juu kakao kidogo. Baada ya saa 4 kwenye jokofu, kikombe kiko tayari.

Hata hivyo, utamu wa kikombe si faida. Tuseme vikombe 20 vimegharimu Sh 20,000, na kila kimoja kinauzwa Sh 1,500. Vikiisha vyote, faida ni Sh 10,000. Vikiuzwa 14, inabaki Sh 1,000. Vikiuzwa 13, ni hasara. Vikombe saba vilivyoharibika vimekula faida yote.

Kwa mantiki hiyo, biashara hii haifai kuanza kwa kutembeza sokoni. Ianze kwa oda zenye malipo ya awali: harusi, kipaimara, mikutano ya ofisi, hoteli na nyumba za wageni. Baridi ya Ufipa isimdanganye mtu; umeme ukikatika kwa muda mrefu, mtindi huchacha. Kila kikombe kiandikwe tarehe, na kisichouzwa ndani ya siku 2 kisiuzwe tena.

Wafugaji nao wana wajibu. Anayeongeza maji kwenye maziwa anamuua mnunuzi wake, maana mtindi wake ukichujwa hubakiza kidogo tu. Kikundi chenye kipimo kimoja cha ubora na bei iliyokubaliwa kitapata mkataba kuliko mfugaji mmoja mmoja. SIDO wana mafunzo ya usindikaji, na TBS ndio wenye dhamana ya ubora na usalama wa chakula; wafuatwe kabla bidhaa haijafika dukani.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndoo ya maziwa iliyokosa mnunuzi asubuhi inaweza kulipa ada ya mtoto, ilimradi oda itangulie na mtindi ufuate.