Njia ikikatika: RIP mpya imeizidi nini ya zamani?

Na Mwandishi Wetu, Ruangwa

MEI 2024 mkoa wa Lindi ulikatiwa njia mara mbili. Kwanza, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi wilayani Kilwa. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini na intaneti ikazorota nchini kote na katika nchi jirani.

Dereva wa basi akikuta daraja limesombwa, anaweza kuzunguka kwa Songea. Data haina dereva. Hutegemea ruta, kifaa kinachoamua ipitie wapi. Ruta nazo hupashana habari za njia kwa lugha maalumu iitwayo itifaki. Mojawapo ya kongwe ni RIP, na vifaa vingi vya ofisi ndogo huweza kutumia matoleo yake yote mawili.

Suala hili si la mafundi peke yao. Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, ufuta na korosho za wakulima wa chama kikuu cha ushirika cha Runali huuzwa kwa minada ya kielektroniki ya TMX, na serikali imesambaza mfumo wa GoTHOMIS kwenye vituo vya afya vya umma. Ruta ikipotea njia, atakayesubiri bei au matibabu ni mwananchi wa Nambilanje.

Toleo la kwanza la RIP liliandikwa rasmi mwaka 1988, na lina kasoro tatu kubwa.

Kwanza, hutaja namba ya mtandao bila kueleza mtandao huo umegawanywa vipi. Ni sawa na barua iliyoandikwa “Ruangwa” bila kutaja kata wala kijiji. Tuseme ofisi za Ruangwa na za Nachingwea zote zinatumia anwani zinazoanza na 10, na katikati yao kuna mtandao wa kampuni wenye namba nyingine. Kila upande utatangaza kuwa anwani zote za 10 ziko kwake. Ruta ya katikati itaamini pande zote mbili, na data ya Nachingwea yaweza kupelekwa Ruangwa.

Pili, kila sekunde 30 hutangaza habari zake kwa kila kompyuta iliyo kwenye mtandao, hata zile zisizohusika.

Tatu, na hili ndilo la hatari zaidi, huamini neno la yeyote. Kompyuta ngeni ikidai kuwa yenyewe ndiyo njia fupi, ruta zitaikabidhi data.

Toleo la pili lilianza kuandikwa mwaka 1993 na kukamilishwa 1998. Tangazo lake hubeba anwani pamoja na mgawanyo wake, hivyo Ruangwa na Nachingwea hazichanganywi tena. Hutumwa kwa ruta zinazohusika tu. Aidha, ruta huweza kudai nywila kabla ya kuamini habari. Nywila ya awali ilisafiri wazi, mtu akaweza kuisoma. Tangu 1997 ukawepo utaratibu wa kuthibitisha ujumbe bila kuianika. Toleo la kwanza lenyewe liliwekwa katika kundi la itifaki za kihistoria mwaka 1996.

Hata hivyo, mapya hayo hayakugusa kila kitu. Matoleo yote mawili hupima njia kwa idadi ya vituo tu, na mwisho ni 15. Cha 16 huhesabiwa kuwa hakifikiki. Njia ya vituo viwili kwa redio dhaifu itachaguliwa badala ya vituo vitatu vya mkongo wenye kasi, mithili ya dereva anayeacha lami na kuingia kwenye tope kwa kuwa vijiji vya njiani ni vichache. Na ruta jirani ikinyamaza ghafla, RIP husubiri dakika tatu kabla ya kuikatia tamaa. OSPF, itifaki nyingine inayotumika sana, kwa kawaida husubiri sekunde 40, na fundi huweza kuipangia gharama ya kila njia kulingana na kasi yake.

Kwa hiyo halmashauri, shule au ushirika unaonunua vifaa haupaswi kuridhika na jibu kwamba “RIP imo”. Uulize ni toleo gani limewashwa, na kama uthibitisho wa ujumbe umewekwa. Palipo na ruta mbili tatu na njia moja, toleo la pili linatosha. Penye njia mbili zinazotofautiana kasi, OSPF inafaa zaidi.

Mvua za masika zitarudi, na nyaya za baharini zaweza kukatika tena. Njia ya pili hugharimu fedha, lakini haitamfaa mkulima wa Nambilanje iwapo ruta haijui kuichagua.