Punguzo la burudani Dar: Nani hasa analilipia?

Kila inapokaribia mwisho wa wiki, simu za wakazi wa Jiji la Dar es Salaam hujaa matangazo. Hoteli fulani ya ufukweni imepunguza kwa nusu kiingilio cha bwawa la kuogelea. Mgahawa fulani unatoa sahani ya pili bure kwa atakayenunua ya kwanza. Ukumbi fulani wa muziki unawaruhusu wanawake kuingia bila malipo kabla ya saa nne usiku. Katika jiji ambalo Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wengi wao wakiishi kwa kipato cha kutafuta leo kwa ajili ya leo, habari za namna hiyo si jambo dogo. Zinagusa suala la nani anaweza kuitoa familia yake matembezini na nani hana budi kubaki nyumbani.

Hata hivyo, ukiyachunguza matangazo hayo kwa makini utabaini kwamba punguzo si hisani. Ni bei ya kiti kitupu. Mwenye ukumbi hulipa pango, umeme na mishahara siku ya Jumanne kama anavyolipa Jumamosi, lakini Jumanne watu hawaji. Hivyo humuuzia mteja kwa bei ya chini saa ambayo vinginevyo isingenunuliwa na mtu yeyote. Hiyo ni biashara halali na wala haina ubaya.

Tatizo ni kwamba saa hizo zinazouzwa rahisi ndizo ambazo mtu wa kawaida hana. Muuza duka wa Kariakoo, fundi wa gereji wa Ilala na mama lishe wa Tandika hawawezi kuacha kazi Jumanne saa tisa alasiri ili wakaangalie filamu kwa nusu bei. Siku zao ni Jumapili, Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, yaani zile zile ambazo bei hurejea juu na mara nyingine kupita kiwango cha kawaida. Matokeo yake ni kwamba punguzo humfikia zaidi mwenye uhuru wa kupanga muda wake, na huyo aghalabu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulipa bei kamili tangu mwanzo.

Haikuwa hivyo siku zote, na muziki wa dansi ndio ushahidi mzuri zaidi. Katika miongo ya mwanzo baada ya Uhuru, bendi nyingi kubwa za jiji zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo inajulikana kama Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye iliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC) na kujipatia jina lake kamili la DDC Mlimani Park, ambalo mashabiki wamelifupisha kuwa Sikinde. Polisi walikuwa na bendi yao, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na yake, na vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz.

Utaratibu huo ulikuwa na maana kubwa kwa mfuko wa msikilizaji. Taasisi ndiyo iliyonunua vyombo, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Fedha za mlangoni zilisaidia, lakini bendi haikufa njaa pale kiingilio kilipokuwa kidogo au mvua ilipowazuia watu kutoka. Kwa maneno mengine, burudani ilikuwa na punguzo la kudumu ambalo hakuna aliyeliita punguzo, na aliyelibeba alikuwa mwajiri wa mwanamuziki. Ni kweli kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro zake. Mwanamuziki hakuwa na sauti kubwa juu ya kazi yake, na bendi zilinyang'anyana wapigaji kila mwaka. Lakini karani na mpakiaji mizigo wa bandarini waliweza kuketi katika ukumbi mmoja.

Mageuzi ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yaliyabadilisha mambo. Taasisi moja baada ya nyingine ilijitoa au ikapunguza mkono wake, na bendi zikabaki kutegemea mlango. Mlango peke yake haukutosha. Ndipo yalipoanza kushamiri mabonanza ya Jumapili, kama yale yaliyopata umaarufu Leaders Club, Kinondoni, na pamoja nayo maneno ambayo kila mpenda dansi anayafahamu: kiingilio kinywaji chako.

Maneno hayo matatu yanastahili kuangaliwa kwa jicho la mhasibu. Mgeni huamini kwamba ameingia bure, kwa kuwa kinywaji angekinunua vyovyote vile. Lakini mwenye ukumbi humlipa mwenye bendi kutokana na mauzo ya kaunta, na bei ya kaunta ndiyo inayobeba mzigo. Tuseme bia inayouzwa Sh2,000 katika baa ya mtaani inauzwa Sh3,000 ukumbini. Atakayekunywa tano atakuwa amelipa kiingilio cha Sh5,000 bila kukatiwa tiketi. Atakayeagiza soda moja na kuishikilia mpaka bendi inafunga hesabu atakuwa amelipa shilingi chache mno. Katika mpango huo, mwenye punguzo la kweli ni yule wa soda moja, na wahudumu wanamjua vizuri; ndiyo maana hupita mezani kwake kila baada ya dakika kumi kuuliza kama aongezwe.

Mpango wa wanawake kuingia bure unafuata njia hiyo hiyo. Gharama haijafutwa, bali imehamishiwa kwa wanaume watakaokuja baada ya saa nne, na kwa atakayelipa bili ya meza.

Kwa upande wa sinema hadithi ni fupi zaidi. Jiji lilikuwa na majumba kadhaa pamoja na uwanja wa Drive-In uliokuwa Msasani, mahali ambapo sasa upo Ubalozi wa Marekani. Mengi yalifungwa au kubadilishwa matumizi. Kumbi za kisasa zilirejea ndani ya maduka makubwa kama Mlimani City, lililofunguliwa mwaka 2006, na huko ndiko hupatikana bei nafuu za siku za katikati ya wiki. Uswahilini pengo lilizibwa na vibanda vya video, ambavyo wananchi wenyewe wamevipa jina la kibanda umiza. Jina hilo linajieleza lenyewe kuhusu viti na hewa, lakini bei yake haingoji Jumanne.

Aina nyingine ya punguzo ilikuja na intaneti. Kampuni ya Groupon, iliyoanza kuuza kuponi jijini Chicago, Marekani, mwaka 2008, ilieneza mtindo wa mteja kulipa mapema kwa nusu bei kisha kwenda kuhudumiwa baadaye. Hesabu yake ni rahisi kueleza. Mgahawa wenye chakula cha Sh40,000 hukiuza kwa Sh20,000, na mwenye tovuti huchukua takriban nusu ya hizo. Mgahawa hubaki na robo ya bei yake. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, uliowahoji wafanyabiashara 150 waliowahi kutumia kuponi hizo, ulionyesha kuwa takriban theluthi moja hawakupata faida yoyote kutokana na mpango huo. Kampuni iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2011, na mwanzoni mwa mwaka 2013 mwanzilishi aliyekuwa akiiongoza akaondolewa kazini.

Dar es Salaam haikuhitaji kampuni ya namna hiyo ili kujifunza mbinu zake. Leo mwenye hoteli hutangaza moja kwa moja kwa Instagram au WhatsApp, na masharti huyaweka kwa maandishi madogo: siku za kazi tu, watu wasiopungua wanne, chakula na vinywaji kutoka nje haviruhusiwi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalokula punguzo lote. Tuseme kiingilio kimeshuka kutoka Sh10,000 hadi Sh5,000. Familia ya watu watano imeokoa Sh25,000. Baba akishalipia sahani tano za chipsi kuku kwa bei ya hotelini, pamoja na maji ambayo dukani angeyapata kwa robo ya bei hiyo, akiba yake imekwisha kabla watoto hawajakauka maji.

Lipo pia punguzo la uongo, pale bei inapopandishwa wiki moja kabla ili ionekane imeshushwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Lakini ni wazi kwamba mtu aliyepunjwa Sh5,000 kwenye bwawa la kuogelea hatapoteza siku nzima ya kazi kwenda kulalamika. Silaha yake iliyo karibu ni kuuliza bei ya kawaida kabla ya kutoka nyumbani, na kuuliza jumla yake pamoja na chakula.

Katikati ya vurugu hizo lipo punguzo moja ambalo halibagui Jumanne na Jumapili, nalo ni la uraia. Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940, humtoza Mtanzania sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka nje, na mtoto au mwanafunzi hulipa chini zaidi. Ndivyo ilivyo pia Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kandokando ya barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi na ngoma huchezwa. Kituo cha daladala cha jirani kimechukua jina hilo hilo. Kila siku makondakta huita "Makumbusho, Makumbusho" tangu alfajiri, na maelfu ya abiria hushuka hapo wakakimbilia shughuli zao. Si ajabu wakawepo walioshuka hapo kwa miaka kumi bila kuvuka geti la kijiji chenyewe.

Kwa nini bei nafuu kiasi hicho haivuti watu? Sehemu ya jibu ni mazoea, kwani makumbusho yamezoeleka kuwa mahali pa wanafunzi waliopangiwa safari na walimu wao, au pa watalii. Sehemu nyingine ni matangazo. Hoteli humtumia mteja ujumbe kila Ijumaa. Taasisi ya umma husubiri afike. Ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa mwananchi amekwisha kuchangia gharama za mahali hapo kupitia kodi yake. Asipokwenda, amelipia kiti na kumwachia mwingine.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, vinaonyesha upande mwingine wa jambo hilo. Ada ya Mtanzania kuingia humo ni ndogo kuliko ya mgeni, lakini ada siyo gharama kuu. Gharama kuu ni boti, iwe ya kutoka Msasani au Kunduchi, na boti haijali uraia wa abiria. Wanaofaidi ni wale wanaokwenda kwa kundi, wakapatana bei ya chombo kizima kabla ya kupanda, wakabeba chakula chao na kukodi banda moja. Vikundi vya kina mama vya kuchangiana, jumuiya za makanisani na wafanyakazi wa ofisi moja wamelijua hilo siku nyingi.

Suala la usafiri ndilo linaloamua matembezi mengi jijini, kuliko kiingilio. Familia ya Mbagala au Gongo la Mboto inayokwenda Oysterbay hubadilisha magari mara mbili au zaidi, na kurudi usiku na watoto waliolala mabegani huwa ni shughuli nyingine. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, yamewapa nafuu walio kando ya njia yake: anayeshuka Kivukoni anaweza kufika Makumbusho ya Taifa kwa miguu. Treni ya umeme nayo imefungua njia ya nje ya jiji. Ilipoanza safari za Morogoro mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida iliyoidhinishwa ilikuwa Sh13,000 kwa mtu mzima, kiasi ambacho baadhi ya watu hukitumia kwa teksi ya kwenda na kurudi ufukweni.

Inabaki bahari yenyewe, ambayo haihitaji kuponi. Katika ufukwe wa Coco hakuna geti, na Jumapili jioni mihogo na mishikaki huuzwa kwa watu wa kila tabaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lengo lake ni kuhifadhi mazingira, lakini pale inapoheshimiwa humpa pia mwananchi mahali pa kupita na kukaa. Pale isipoheshimiwa, ukuta husogea mpaka mchangani. Zipo sehemu za kaskazini mwa jiji ambako mtu anaweza kutembea mwendo mrefu akiisikia bahari bila kuiona, na upande wa pili wa ukuta ndiko kiingilio cha bwawa kimepunguzwa kwa nusu.