Simu Tumezizuia Mlangoni, Kadi Tumeipandisha Bodaboda

Dada zetu, na hasa nyinyi mlio kwenye maandalizi ya harusi.

Tunawaandikia kutoka Kitendaguro, kata ya Manispaa ya Bukoba, mbali na bahari mliyoizoea. Huku maji yetu ni ya ziwa na karamu haikamiliki bila ndizi, lakini bi harusi wa Kiislamu ni yuleyule: anastiriwa, anapambwa, anawekewa ukumbi wa wanawake peke yao. Na kosa tutakalolitaja leo mnalo huko pia. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Unguja aliyeletwa huku na ndoa, na kila akirudi kusalimia analikuta.

Tueleze lilivyotokea. Ilikuwa harusi ya hapahapa Kitendaguro. Familia ilijitahidi hasa. Vijana walioleta masufuria waliyaacha nje. Mashangazi wawili walikaa mlangoni na kapu, kila mgeni akaweka simu yake humo, hata jirani zetu wasio Waislamu, na wote walikubali kwa heshima. Ndani bi harusi alifunua nywele, akavaa alichotaka, akacheza na mama yake. Waliopiga picha tulikuwa sisi, wanawake wawili, tulioajiriwa kwa sababu ni wanawake.

Saa nne usiku tulitoa memori kadi kwenye kamera, tukaifunga kwenye kitambaa, tukampa bodaboda aipeleke mjini kwa kijana anayehariri video. Upande wa bwana harusi ulitaka klipu saa mbili asubuhi, kabla wageni hawajaondoka, na sisi hatukuweza kuimaliza kwa muda huo. Tulijua kupiga. Kuhariri kwa usiku mmoja hatukujua.

Baada ya wiki mbili, sekunde chache za bi harusi yule akicheza, kichwa wazi, zilikuwa ndani ya tangazo la kazi za kijana huyo. Tulimpigia, akaomba radhi, akalitoa siku ileile. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliyekwisha kuona ameona, aliyehifadhi amehifadhi. Bi harusi alituuliza swali moja tu: "Simu za watu wote zilikuwa kapuni. Hii imetokaje?"

Imetokaje? Tuliitoa sisi. Simu zote za ukumbi zilizuiwa, kadi moja yenye harusi nzima ikapita mlango huohuo mikononi mwetu.

Kwa hiyo hatuandiki kumlaani kijana. Tunaandika kusema kwamba desturi hii ni ya aibu, na sisi wanawake ndio tunaoiendesha. Tunamweka bi harusi ndani siku kadhaa, tunamletea somo wa kumfunda, tunamsinga, tunamfunika anapotoka hata kivuli chake kisionekane. Kisha tunamchukua akiwa katika hali ambayo hata shemeji yake haruhusiwi kumwona, tunamkabidhi kwa mwanamume asiye maharimu wake, amtazame usiku kucha, amrudishe nyuma, amsimamishe, amkuze uso ajaze kioo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mhariri wa video ndiye kata: hakuna mtu harusini anayeona zaidi yake.

"Yule ni kijana mwaminifu"

Hilo ndilo jibu la kwanza tunalopewa. Huenda ni kweli. Lakini Sura ya An-Nur, katika aya ya 30 na ya 31, haikuuliza nani mwaminifu. Imeanza kwa kuwaamrisha wanaume wainamishe macho, ndipo ikaja kwa wanawake na kutaja mmoja mmoja nani anaruhusiwa kuona pambo la mwanamke. Kijana wa kompyuta hayumo kwenye orodha hiyo. Na kazi yake ni kutazama, hawezi kuhariri huku ameinamisha macho. Tukimpa kazi hiyo tunamtia yeye mtihanini pamoja na bi harusi, kisha tunashangaa akishindwa.

Wapo dada wanaosema bora kuacha kurekodi kabisa, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha. Anayeacha amejisalimisha, hatuna ugomvi naye. Sisi tunasema na wengi wetu ambao tumekwisha amua kurekodi. Ukiamua kurekodi, stara yako haiishii pale kamera inapozimwa.

"Wanawake hawawezi kazi ya haraka"

Hili linatuuma zaidi, kwa sababu tumelisababisha wenyewe. Ni mara ngapi mwanamke amepewa video akakaa nayo miezi mitatu? Ukimuuliza anasema inshallah wiki hii. Inshallah ni neno la kumtegemea Mwenyezi Mungu baada ya kukusudia kufanya, tumeligeuza kuwa jina la kuchelewa. Tukikosolewa tunajikinga na methali: haraka haraka haina baraka.

Methali hiyo ni ya kweli kwa anayekurupuka. Lakini haraka ni kitu kimoja na wepesi wa mkono ni kitu kingine. Mpishi wa karamu anayepika masufuria sita hana papara: vitunguu vimekatwa mapema, viungo viko mahali pake, na anajua kipi kitangulie motoni. Kuhariri video kwa muda mfupi ni vivyo hivyo, na kunafundishika. Tunasimuliwa kwamba Shifaa bint Abdillah alimfundisha Mama wa Waumini Hafsa kuandika, radhi za Allah ziwashukie. Mwanamke alimfundisha mwanamke ujuzi ambao wachache walikuwa nao. Ujuzi wa kuandika uliwahi kuwa wa wanaume wengi na wanawake wachache, kama huu wa leo.

Basi na sisi tulijifunza. Haya ndiyo yaliyotusaidia, tunayatoa bure.

Kwanza, nusu ya kazi hufanywa kabla bi harusi hajavaa. Siku moja kabla tunafungua mradi kwenye kompyuta, tunaweka majina ya maharusi, tunachagua kasida au dufu tulizopewa ruhusa kuzitumia, tunapanga mafolda: kuingia, hina, familia, keki, kuaga. Usiku wa harusi tunajaza tu.

Pili, rekodi kwa hesabu. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa moja. Ukirekodi saa tatu una gigabaiti 135 za kunakili na kupitia usiku. Kwa klipu ya asubuhi tunatumia Full HD kwa nusu ya kiwango hicho, na haina kasoro yoyote kwenye simu. Tena hatuachi kamera ikirekodi ovyo. Kila dakika ya ziada uliyorekodi utailipa usiku kwa kuitazama.

Tatu, kabla ya kukata chochote, nakili kadi mahali pawili. Kisha, kama kompyuta yako ni dhaifu kama yetu ilivyokuwa, itengenezee programu nakala nyepesi, wanazoziita proksi. Unakata kwenye zile nyepesi, na mwishoni programu inarudi kwenye picha kamili. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo huu. Kwa simu, CapCut na InShot zinatosha kujifunzia, ila kagua kwanza kama kuna kitu kinachojihifadhi chenyewe mtandaoni, uzime.

Nne, ache kipanya mkono mmoja. Kwenye programu kubwa kitufe cha J kinarudisha nyuma, K kinasimamisha, L kinapeleka mbele, na ukibonyeza L mara mbili picha inakwenda mbio. I huweka alama ya mwanzo wa kipande, O huweka alama ya mwisho. Vitufe vitano tu, vilitupunguzia kazi kuliko kompyuta mpya.

Tano, usipambe kabla ya kujenga. Mzunguko wa kwanza chagua vipande tu. Wa pili vipange viwe hadithi. Wa tatu sauti, na rangi iwe ya mwisho. Sisi zamani tulikuwa tunakaa dakika arobaini kuremba kipande kimoja cha keki, alfajiri inaingia na bi harusi hajaingia ukumbini.

Sita, usiuamini umeme. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme uliotoka Uganda, na wa huku tunalijua giza. Anza na betri iliyojaa, hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na acha saa nzima ya akiba kwa ajili ya kutoa video ya mwisho.

Na saba, fanya mazoezi kwa saa ya ukutani. Tulichukua picha za mama zetu wakimenya ndizi, tukazihariri kuwa klipu ya dakika tatu. Mara ya kwanza tulitumia usiku mzima. Tukazifuta tukaanza upya kwa saa sita, kisha tatu. Picha zilezile, mpaka mkono ukazoea. Leo klipu ya dakika tatu inatuchukua chini ya saa tatu, tukigawana: mmoja anachagua, mwenzake anapanga.

Na tazama rehema iliyomo. Kupiga picha kunamtoa mwanamke nyumbani, kunamhitaji usafiri wa usiku na ruhusa. Kuhariri anakufanya chumbani kwake, mtoto kalala pembeni. Kazi iliyotufaa zaidi ndiyo tuliyowaachia wanaume.

Sasa nyinyi maharusi, na mama zenu

Hatutabeba lawama peke yetu. Nani aliyesema klipu lazima itoke saa mbili asubuhi? Si sheria ya ndoa wala sunna ya walima. Ni wakwe na mashoga wanaotaka kuweka kwenye simu zao kabla ya chai. Kwa ajili ya chai hiyo kadi inapandishwa bodaboda.

Tunapendekeza hivi. Ikiwa lazima kitu kitoke asubuhi, kiwe cha stara: mikono yenye hina, maua, vyakula, wazee wakiomba dua, bi harusi akiwa amefunikwa. Klipu hiyo hata ikizagaa haina cha kuficha. Video ya ukumbi wa wanawake isubiri wiki mbili, ihaririwe na mwanamke, itolewe nakala moja, ikabidhiwe mkononi mwa bi harusi. Huku kwetu bi harusi akisafiri na meli ya kwenda Mwanza, anaondoka na klipu ya stara, nyingine inamfuata kwa mkono wa ndugu wa kike.

Na kabla ya kulipa hata shilingi, muulize mpiga picha wako, hata akiwa mwanamke mwenye niqab: Nani atahariri? Kwenye kompyuta ya nani, na nani mwingine anaitumia? Nakala zitakuwa ngapi na zitafutwa lini? Utanitangaza? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Msiridhike na neno "tumefuta" pekee. Faili lililofutwa kwa kawaida linaweza kufufuliwa mpaka kadi iandikwe juu yake kitu kingine. Sisi sasa tunahifadhi kwenye diski yenye nywila, na tukishakabidhi tunaijaza kadi picha za barabara na migomba mpaka mwisho.

Mkijiona mnasumbua, kumbukeni haki hii ipo pia kwenye sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inatambua faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za mtu azitumie kwa lengo alilozichukulia. Uso wako ukicheza harusini kwako haukuchukuliwa ili uwe tangazo la biashara ya mtu.

Mwisho, mlipeni mwanamke. Mnampa kijana wa mjini bei yake bila kuuliza, mkifika kwetu mnasema "dada, tufanyie kama sadaka." Sadaka ni ya anayetoa kwa hiari. Diski, kompyuta na usiku usio na usingizi vina gharama, na mwanamke asiyelipwa hataendelea, atarudi nyumbani, na kadi yako itarudi mjini.

Bi harusi yule wa Kitendaguro ametusamehe, Alhamdulillah. Mdogo wake ameolewa mwaka huu. Alitupigia yeye mwenyewe, akatuuliza jambo moja kabla ya tarehe na bei: "Mmeshajua kuhariri?" Tukamwambia tumejua. Kapu la simu likawekwa mlangoni kama kawaida, na usiku ule kadi ililala chini ya mto wetu.

Wabillahi tawfiq.