Sulhu Bila ya Mtoto si Sulhu

 

Ndugu Waislamu, kuna desturi iliyoota mizizi katika mitaa yetu ya Madale na pembezoni mwa Kinondoni kwa jumla, nayo tunaikataa waziwazi. Mtoto hufanyiwa uovu na mtu anayefahamika: jirani, mjomba, mpangaji, kijana wa bodaboda anayempeleka shule, au hata mwalimu. Habari ikivuja, wazee huitwa. Kikao hukaa sebuleni, baba wa mtoto na mzee wa mtuhumiwa hupeana mikono, fedha hutoka, dua huombwa, na watu hutawanyika wakisema yamekwisha. Katika kikao chote hicho mtu mmoja hakuulizwa neno: mtoto mwenyewe. Mama yake naye aliachwa jikoni achemshe chai ya wageni.

Tunasema: hiyo si sulhu. Sulhu ni baina ya wenye haki, na mwenye haki hapo ni mtoto. Nani aliwapa wazee wakala wa kusamehe kwa niaba yake? Na wanazuoni wetu wametufunza kwamba sulhu inayohalalisha haramu ni batili.

Mtoto husikilizwa

Wapo watakaosema kuwa kumsikiliza mtoto ni mambo ya Wazungu. Tuwarejeshe kwenye Suratus Swaffaat. Nabii Ibrahim (a.s.) alipata amri ya Mola wake kwa njia ya ndoto, na amri ya Mola haina mjadala. Pamoja na hayo alimweleza mwanawe aliyoyaona, akamtaka aseme naye anaonaje. Ikiwa Khalilu-llah alimuuliza mwanawe katika amri iliyotoka mbinguni, sisi ni nani hata tusimuulize mtoto katika dhulma iliyotoka kwa jirani?

Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa mdogo alipompelekea baba yake habari nzito. Nabii Yaaqub (a.s.) hakumkemea wala hakumwambia ameota upuuzi, alimsikiliza, akamwamini, akamtahadharisha na hatari iliyokuwa ndani ya nyumba yao wenyewe. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake yupo kijana mdogo na kushotoni wapo watu wazima. Alimwomba kijana idhini kabla ya kuwapa wakubwa. Kijana akakataa, na Mtume akampa yeye. Hiyo ni haki ya kikombe tu. Vipi haki ya mwili wake?

Walioulizwa walisema

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na ripoti yake ikatoka mwaka 2011. Walioulizwa hawakuwa wazee wa mtaa. Walikuwa vijana wenyewe wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walieleza kuwa walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao, na zaidi ya nusu ya wavulana, hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Tuitafakari hali hiyo. Watoto walinyamaza mbele ya wazazi, walimu na maimamu, wakasema walipojiwa na mgeni mwenye karatasi, kwa sababu mgeni yule aliuliza na akanyamaza kusubiri jibu.

Sheria ya nchi nayo imetutangulia. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kuwa asemayo ni kweli. Hakimu anaweza kumsikiliza mtoto wa miaka minane, na kikao chetu cha sebuleni hakiwezi?

Shubha na majibu yake

Shubha ya kwanza: Uislamu umeamrisha sitara. Ni kweli, lakini sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Anayedhulumu wengine, na kesho atarudia kwa mtoto mwingine, kumficha ni kumsaidia. Suratun Nisaa inatuamrisha kusimamisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Anayestahiki sitara hapa ni mtoto: jina lake lisitangazwe sokoni wala msikitini.

Shubha ya pili: mtoto ana majini. Mtoto aliyekuwa mchangamfu huanza kuweweseka usiku, kukojoa kitandani, kujitenga. Sura aliyoihifadhi vyema humtoka. Baadhi ya walimu wa madrasa humwongezea bakora, na baadhi ya wazazi humpeleka kwa mganga. Hivyo mara nyingi ni kiwewe, yaani jeraha la nafsi. Ruqya ya kisharia hatuipingi, lakini anayemsomea mtoto bila ya kumuuliza nini kimempata, amemtibu asiyemjua.

Shubha ya tatu: ukiwaita ustawi wa jamii na polisi, familia huvunjika. Familia huvunjwa na uovu, haivunjwi na anayeutaja. Hata hivyo shubha hii ina chembe ya ukweli, na hapa tunawageukia wataalamu.

Nanyi wataalamu

Mtoto husimulia polisi ili apate PF3, akasimulia tena hospitali, tena ustawi, tena mahakamani, na kila mara jeraha hufunguliwa upya. Ndiyo maana vikaanzishwa vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana, Ilala, ambamo daktari, polisi na ustawi hukutana mahali pamoja. Hilo tunalishukuru. Lakini mama anayeambiwa asubiri nje, asielezwe mtoto atalala wapi wala atarudi lini, hatarudi tena, na jirani yake akipatwa atamshauri anyamaze. Mpango wowote wa kumtibu mtoto usiomshirikisha yule atakayelala naye chumba kimoja usiku ni mpango wa kwenye faili tu.

Tunaposema familia hatumkusudii mtenda uovu. Mtuhumiwa, awe baba au babu, hana kiti katika kikao cha kumlinda mtoto. Tunamkusudia mzazi, shangazi, bibi au kaka ambaye mtoto mwenyewe anamwamini, na wa kumtaja ni mtoto.

Tunachokitaka

Kwanza, imamu au mzee yeyote asikubali kuongoza kikao cha kumaliza jambo la namna hii. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto polisi, na ipo simu namba 116, ambayo ni bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Namba hiyo ibandikwe katika kila madrasa.

Pili, vijana wetu wakubwa wa kike na wa kiume wafunzwe kupokea habari za wadogo zao, kwani mtoto humwendea dada wa madrasa kabla ya kumwendea ustadhi. Na vijana hao wawe na sauti katika Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto, zilizowekwa hadi ngazi ya mtaa na mpango wa taifa wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22.

Tatu, akina mama wakae katika vikao vya msikiti vinavyohusu watoto, wasiishie kuleta chai.

Mtume (s.a.w.) alimliwaza mtoto Abu Umayr kwa kufiwa na ndege wake mdogo. Umma unaojinasibisha naye unamwambia mtoto aliyedhulumiwa anyamaze asiwaaibishe wakubwa. Siku ya Kiyama mtoto huyo atasema, na hapatakuwa na kikao cha kumzuia.

Ewe Mola, tujaalie tuwe wachunga wanaoitimiza amana. Wabillahi tawfiq.