Ghorofa isiyo na genge chini inaua mtaa

NYUMBA za zamani za Kariakoo wengi tunazikumbuka: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma na baraza mbele. Barazani mama aliuza maandazi, chumba cha mbele kikawa duka, na familia ikalala vyumba vilivyobaki. Biashara na makazi viliishi pamoja bila ugomvi.

Sasa tunajenga ghorofa. Kariakoo chini kumejaa fremu, sawa, lakini nyumba nyingi za juu zimegeuzwa stoo za mabelo. Mitaa mingine imekosea upande wa pili: ukuta mrefu, geti, mlinzi, na chini yote ni maegesho ya magari. Humo ndani familia ishirini zinakula nyanya na mchicha kila siku, lakini mkulima wa Lushoto aliyeleta kabichi mjini hana mahali pa kuziuzia jirani nao, na muuzaji wake anafukuzwa pale getini.

Mwenye kiwanja hupenda mpangaji mmoja mkubwa, kama benki, kwa sababu analipa kodi kwa mkupuo. Namwelewa. Lakini mpangaji huyo akihama, chini yote inabaki giza. Ukiwa na fremu nane ndogo, mmoja akiondoka saba wanaendelea kulipa. Tena kilemba kisiwe kikubwa mno, maana muuza vitunguu hawezi kukitoa.

Ramani nayo iwe na akili. Wakazi wawe na ngazi na mlango wao wa pembeni, wasipite katikati ya mizigo. Fremu zitazame barabara, mbele kuwe na varanda ya kivuli na nafasi ya kupita. Choo cha wafanyabiashara na mahali pa taka vipangwe mapema, na bomba la moshi wa mama lishe lifike juu ya paa. (Mimi nimewahi kupanga juu ya jiko la chipsi, mashuka yalinuka mafuta mwaka mzima.)

Na tusitafute nafasi ya biashara kwa kuchimba au kubomoa kuta kiholela. Novemba 16, 2024 ghorofa yenye maduka iliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 walikufa.

Kwa anayehofia mtaji, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake. Unaweza kuuza nyumba za juu, ukabaki na fremu.