Wanafunzi Waandike Kitabu Chao

Mwezi huu twapenda kusema na wazazi juu ya jambo tunalolikusudia hapa Kiseke, nalo ni kuwapanga wanafunzi wetu wakubwa makundi makundi ili waandike kitabu cha kuwasomeshea wadogo zao.

Kwanza na tukiri kosa letu. Miaka kadha iliyopita tuliwasomea wanafunzi faradhi za udhu, nao wakaziandika katika madaftari. Faradhi hizo katika madhehebu ya Imamu Shafi ni sita: kutia nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji kichwani, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata taratibu. Mwanafunzi mmoja aliiruka ile ya kupaka kichwa. Wenziwe ambao hawakuhudhuria siku ile wakanakili kwake, na wengine wakanakili kwao, wala sisi hatukuyakagua madaftari yale. Siku moja akatujia mama aliyesilimu ukubwani, ambaye udhu amefundishwa na mwanawe, akatuuliza: mbona wenzangu msikitini wapaka maji kichwani, nami sikuambiwa? Tulitahayari sana. Mama yule alifanya kama alivyofundishwa, na dhima ilikuwa shingoni mwetu.

Huenda msomaji akauliza: kwani vitabu havipo? Vipo, alhamdulillahi. Hatusahau kazi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyeona kuwa watoto wahifadhi maneno ya Kiarabu wasijue maana yake, akawatungia vitabu vidogo kwa Kiswahili. Lakini kila mtungaji huandika akiwa kwao. Mtoto wa Mombasa au wa Unguja akisoma kuwa kibla ni kaskazini, amepata, kwani Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa pwani ile. Sisi wa Mwanza tuko magharibi zaidi, na kibla chetu ni kaskazini yenye kuelekea mashariki kwa kadiri ya daraja 15. Mtoto wetu akilishika neno la kitabu kile bila ya kufahamu, atapotoka, na kitabu hakina kosa.

Kadhalika watoto wetu wana maswali ya nyumbani kwao. Baba akeshaye ziwani kuvua dagaa, na chombo chasukwasukwa, atasalije? Jawabu wanavyuoni wamekwisha kulitoa: asimame akiweza, na akichelea kuanguka au kuzama, aketi. Lakini mtoto aliyelitafuta jawabu hilo, akaliandika kwa mkono wake na kumsomea baba yake, hatalisahau maishani.

Wako watakaosema: watoto na kuandika dini wapi na wapi? Twawajibu kwamba mwanafunzi hatatoa hukumu. Atapanga yale waliyoyahukumu wanavyuoni. Na njia ya kufanya kazi ya ilimu kwa mikono mingi twaiona kwa wema waliotangulia. Sayyidna Abubakar (r.a.), khalifa tangu 632 hata 634, alipomwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) kuikusanya Qurani, Zaid alikuwa kijana, naye aliiona amana hiyo ni nzito kuliko kuhamisha mlima. Naye katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (r.a.), 644 hata 656, aliwekwa pamoja na Makureshi watatu, Abdallah bin Zubeir, Said bin Al-As na Abdurrahman bin Harith, kuinakili misahafu. Wakaamriwa tangu mwanzo kwamba wakihitilafiana na Zaid katika neno, waliandike kwa lugha ya Makureshi. Hatujifananishi na Masahaba. Twachukua adabu tu: watu wachache wenye amana, kila mmoja ajulikane, na njia ya kukata hitilafu iwekwe kabla hitilafu haijazuka.

Basi mpango wetu ni huu. Makundi yatakuwa manne, na kila kundi wanafunzi wanne. La kwanza litaandika Twahara, la pili Sala, la tatu Saumu, na la nne Adabu za nyumbani. Wasichana watakuwamo, na mambo ya hedhi wataandika wao pamoja na mwalimu wao wa kike. Katika kila kundi mmoja atakusanya, wa pili ataandika, wa tatu atakagua, na wa nne atasoma kwa sauti. Hapana hukumu itakayoingia ila imeandikwa pembeni imetoka kitabu gani, kama Safinatun Naja tunayoisomesha, na mwalimu gani aliyeithibitisha. Wanafunzi wakihitilafiana, hawatapiga kura. Watalileta neno kwa masheikh. Mwisho kila mlango utasomewa mama asiyejua Kiarabu. Asipofahamu, mlango utarudi kuandikwa upya, na lawama ni ya waandishi.

Tena tutatundika ukutani karatasi ya makosa. Atakayeona kosa ataliandika, hata likiwa la mwalimu, na jina la mwalimu litakuwa la kwanza kwa ajili ya zile faradhi sita. Kosa lililofichwa hunakiliwa, lililotajwa hukoma.

Kazi itaanza Mfungo Mosi, na twatumai kuimaliza kabla ya Shaabani, ili mwezi wa Ramadhani uwakute watoto wana kitabu mkononi.

Enyi wazazi, hatuwaombi mali nyingi. Twawaomba mwape watoto wenu jioni moja kila wiki, msiwatume sokoni siku hiyo. Mtoto akija na swali, msimwambie nyamaza. Mkiwa hamjui, semeni hamjui, naye atalileta chuoni. Na mwenye kitabu cha zamani kilichofungiwa sandukuni akitoe tukisome, kwani ilimu iliyofungiwa haimfai mwenyewe wala jirani.

Yule mama tulimwomba radhi, akasamehe. Naye ndiye wa kwanza tuliyemchagua asomewe mlango wa Twahara. Mwenyezi Mungu atuafikie sote. Amin.